Kuzisaka sayari mwezi mzima kwa kuufuata Mwezi

Sayari tano huonekana kwa macho matupu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Wengi huzikosa kwa sababu hawajui saa ya kutoka nje, wala si kwa ubovu wa macho. Ramani ya anga ya mwezi uliopita haikufai tena: nyota huchomoza dakika 4 mapema zaidi kila siku, na kwa siku 30 hizo ni saa mbili nzima. Mshtarii na Zohali huenda karibu sawa na nyota, Mirihi huchelewachelewa, na Zuhura na Utaridi zina ratiba zao.

Anza na Mwezi. Huzunguka anga yote kwa siku 27 na saa chache, tena ndani ya ukanda uleule zinamopita sayari. Kwa hiyo kila mwezi huipitia kila sayari, na mara nyingi umbali kati yao hauzidi ngumi moja. Nyoosha mkono mbele: ngumi hufunika takriban digrii 10, vidole vitatu vya kati 5, kidole cha mwisho 1. Ukiona karibu na Mwezi nukta kali iliyotulia, isiyometameta, yaelekea ni sayari. Angalia tu usidanganywe na Aldebaran, Regulus, Spica na Antares, nyota nne angavu zilizo kwenye njia hiyohiyo. Hizo humetameta. Sayari nayo humetameta ikiwa chini kabisa karibu na upeo wa macho, basi ipe muda ipande kabla ya kuamua.

Usiku Mwezi unapoikaribia sayari, tazama umbo la Mwezi, kwa sababu ndilo linalokupa ratiba. Ikiwa ni hilali changa, sayari hiyo ni ya jioni, upande wa magharibi, na itazama saa chache baada ya Jua. Ikiwa ni nusu inayokua, sayari iko juu Jua linapozama na huondoka karibu na usiku wa manane. Mwezi mpevu ndio bora kuliko yote: sayari iko upande wa pili wa anga kutoka kwenye Jua, huchomoza Jua likizama, na unayo usiku kucha. Nusu inayopungua maana yake uamke baada ya usiku wa manane, na hilali ya mwisho maana yake alfajiri, mashariki. Mwezi unaofuata, Mwezi utaikuta Mshtarii au Zohali ukiwa mchanga kwa siku mbili hivi kuliko safari iliyopita. Sayari ya usiku kucha hugeuka polepole kuwa ya jioni, kisha ikapotelea kwenye mwanga wa Jua.

Utaridi haiachani na Jua kwa zaidi ya digrii 28, na Zuhura haivuki 47. Anayekuonyesha "Zuhura" kando ya Mwezi mpevu anakuonyesha kitu kingine, mara nyingi Mshtarii.

Ukitaka tarehe kamili, programu ya bure kama Stellarium inatosha. Weka mahali ulipo, kisha peleka siku mbele moja moja. Makosa mengi hutokea kwenye saa: 19:30 ni saa moja na nusu usiku, na 04:45 ni saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Majedwali yanayotumia UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima, yana mtego zaidi, maana tukio la saa 22:00 UTC tarehe 14 kwako huenda likawa limeangukia tarehe 15.

Kwa darubini ya macho mawili, ile ya 10x50 (hukuza mara 10, lenzi zake za mbele ni za mm 50), Mshtarii ndiyo ya kuanza nayo. Mikono mitupu haitoshi: egemea ukuta au uifunge kwenye stendi. Rekebisha kwanza ukali wa picha kwenye nyota mpaka iwe nukta kali, halafu rudi kwenye sayari. Utaona kiduara kidogo na vinukta hadi vinne vimejipanga kwenye mstari mmoja, ndiyo miezi aliyoiona Galileo Januari 1610. Ukiona mitatu tu hujakosea. Mmoja uko mbele au nyuma ya sayari. Chora mstari na nukta kila usiku kwa wiki mbili, ukiandika saa. Io, ulio karibu zaidi na sayari kati ya miezi hiyo minne, humaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu, hivyo huhama hata kati ya machweo na usiku wa manane. Callisto, mwezi mwingine kati ya hiyo minne, huchukua siku 16.7, na ndio unaokwenda mbali kuliko yote.

Kwenye darubini kubwa, ukuzaji ni hesabu ya kugawanya: urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi kuu hadi picha inapokuwa kali) kwa ule wa lenzi ya jicho, ile unayochungulia. Yenye 700 mm na lenzi ya 25 mm hukuza mara 28. Kwa lenzi ya 10 mm, mara 70. Pete za Zohali huanza kutambulika kwenye 28, na kwenye 70 zinapendeza. Machi 2025 zilitugeukia ubavu zikawa uzi tu. Tangu hapo zinafunguka taratibu hadi mwanzoni mwa miaka ya 2030. Usizidishe ukuzaji kupita kipenyo cha lenzi kuu kwa milimita mara mbili. Kwa 60 mm mwisho ni 120, hata kama boksi limeandikwa mamia.

Picha ikichemka kama inayotazamwa kupitia mvuke wa sufuria, usiilaumu lenzi. Iache darubini nje nusu saa ipoe, usielekeze juu ya mapaa au lami iliyopata jua mchana, usitazame kupitia dirishani, na subiri sayari ipande ngumi tatu.

Zuhura itazame anga likiwa bado na mwanga, kwani gizani hung'aa mno na umbo lake hupotea. Utaridi unahitaji upeo ulio wazi kabisa, dakika 30 hadi 45 baada ya Jua kuzama. Usinyanyue darubini kabla Jua halijazama lote. Asubuhi weka kengele ilie dakika 10 kabla halijachomoza na uache hapohapo: kulipitia kwa bahati mbaya mara moja tu kunaweza kukupofusha.

Mirihi huvunja moyo, maana kati ya ukaribu mmoja na mwingine hupita miezi 26, na katikati hapo huwa kinukta cha rangi ya chungwa hata kwenye darubini nzuri. Ifuatilie kwa macho tu. Chora nafasi yake kati ya nyota mbili kila baada ya siku tano; kwa kawaida husogea mashariki takriban nusu digrii kwa siku, upana wa Mwezi. Siku mchoro wako utakapoonyesha imesimama na kuanza kurudi magharibi, hesabu wiki tano hivi, hapo itakuwa imekuelekea kinyume na Jua. Toa darubini.