Kushusha Mizigo ya Malori Dar: Namna ya Kupata Kazi Bila Kuajiriwa

Vijana wengi wanaonijia kutaka kazi hii huanza kwa kunionyesha mabega. Mabega Dar es Salaam yamejaa. Anayeitwa leo na kuitwa tena wiki ijayo ni yule anayejulikana mahali pamoja, ana wenzake watatu wasiochelewa, na anajua mlipaji ni nani kabla turubai halijafunguliwa.

Kwa hiyo anza kwa kuchagua kijiwe, na kijiwe huchaguliwa kwa mzigo. Tandale ni nafaka: mahindi, mchele, maharage. Mabibo ni ndizi na matunda. Ilala utakuta viazi, vitunguu na nyanya. Magodauni ya Vingunguti na Barabara ya Nyerere ni makontena. Kariakoo ni maboksi na ngazi, na ngazi ndizo zinazoua, si maboksi. Ukizurura kote huko kwa wiki moja, hakuna hata mmoja atakayekumbuka sura yako.

Sokoni kuna wapagazi wenye utaratibu wao na kiongozi wao. Ukirukia fuso la watu bila kuongea naye, utashushwa wewe kabla ya magunia. Usimfuate alfajiri malori yanapoingia, hana muda na wewe. Nenda mchana kazi ikishapoa. Mpe shikamoo, jitambulishe, sema unakaa mtaa gani na nani anakufahamu, kisha omba uongezwe siku mizigo ikizidi watu. Hiyo siku haikawii, hasa mahindi ya Songea na Rukwa yakishavunwa. Beba kitambulisho cha NIDA. Kwenye magodauni ndiyo kabisa, maana mlinzi hakufungulii geti kwa maneno matupu.

Huko magodauni watu wako ni watatu: mlinzi, mtunza stoo, na wakala wa forodha anayetoa kontena bandarini. Wakala anajua kontena linatoka lini kabla yako na kabla ya mlinzi. Waachie namba yako kwenye kikaratasi, uandike na idadi ya watu ulionao. Mwenye mzigo hataki kukusanya vibarua mmoja mmoja huku dereva anapiga honi. Anataka kupiga simu moja, waje watu wanne.

Sasa bei. Swali la kwanza si "shilingi ngapi?" Uliza ni mzigo gani, pisi ngapi, kila moja kilo ngapi, na kutoka mlango wa gari hadi pa kupanga ni hatua ngapi. Kontena la futi 40 la vyombo vya plastiki linatisha kwa ukubwa, lakini ni kazi nyepesi. La futi 20 la marumaru ni dogo, na ndani yake mnaweza kukuta tani 25. Anayekadiria kwa urefu wa kontena atalia.

Mzigo wa magunia, patana kwa gunia. Tuseme fuso lina magunia 100 na mmeafikiana shilingi 500 kila moja: hiyo ni 50,000, watu wanne kila mmoja 12,500. Sasa mwongeze mtu wa tano uone inashuka mpaka 10,000. Ndiyo maana sipendi rafiki wa rafiki anayetokea kazi ikiwa nusu. Mzigo wa kontena, patana kwa kontena zima, na kupanga ndani kuwe na bei yake. Wengi husema "shusheni tu", halafu mkimaliza mnaambiwa mpange mpaka darini.

Uliza pia nani analipa. Dereva mara nyingi si mlipaji, hata akiongea kama tajiri. Mazao ya mikoani kwa kawaida hupokelewa na dalali, naye hukata gharama za kushusha kwenye mauzo. Mpate dalali mwenyewe, aseme bei mbele ya wenzako wote. Malipo ya simu yaingie kabla gari halijaondoka.

Kontena lifunguliwe mwenye mzigo akiwepo. Sili, ile lakiri yenye namba mlangoni, aikate yeye baada ya kuangalia namba, wewe usiiguse. Fungua mlango wa kulia kwanza, taratibu, ukiwa umesimama pembeni, kwa sababu maboksi yaliyolalia mlango safarini yanaweza kukuangukia. Ukiona karatasi ya onyo yenye fuvu, humo ndani kumepigwa dawa. Msiingie mpaka mhusika athibitishe kuwa hewa ni salama. Vioo vikubwa mimi sishushi bila vifaa, na sijali bei.

Kuhusu uzito: gunia la mazao kisheria lisizidi kilo 100, lakini lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, bado zinakuja. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Soma tena hizo namba mbili. Gunia halali tu limekaribia mara mbili ya hapo. Basi gunia wainue wawili, na lumbesa ama ipunguzwe ama ilipiwe kama mizigo miwili. Saruji ivalie mikono mirefu na barakoa, maana vumbi lake likichanganyika na jasho linachoma ngozi. Na siku ya magunia ya pilipili, usijipanguse macho.

Ukishazoeleka, mtafute tingo, yaani msaidizi wa dereva wa lori. Mpe namba yako, mnunulie chai, mwambie akupigie wakifika mizani ya Vigwaza, kule Pwani kwenye Barabara ya Morogoro. Kutoka hapo unapata muda wa kuwaamsha wenzako, kumpigia dalali na kufika kwenye kijiwe kabla ya gari.