Nakuru hadi Kisumu kwa Gari la Umeme: Piga Hesabu ya Mlima Kwanza

Kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi ni za barabara uliyotoka, si za barabara unayoiendea. Ukizunguka Nakuru mjini wiki nzima kwa mwendo wa pole, gari litakuambia limebakisha kilomita 210, nawe utajiambia Kisumu ni 185 tu. Gari halijui kwamba kati yako na ziwa kuna milima ya Mau. Na hata ukifika vizuri, hilo halina maana kwamba utarudi vizuri, kwa sababu kwenda na kurudi kwenye njia hii ni safari mbili tofauti.

Shika miinuko hii kichwani: Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Mau Summit kama 2,500, Kericho kama 2,100, Kisumu 1,130. Unapokwenda unapanda mita 650 kisha unashuka zaidi ya 1,300. Unaporudi ni kinyume chake, na hapo ndipo watu hukwama.

Gari la ukubwa wa Nissan Leaf likiwa na watu wanne na mizigo huwa na uzito wa kilo 1,800 hivi. Kulipandisha mita 100 hula yuniti 0.55 za betri, mbali na zile za kulisukuma mbele. (Yuniti hapa ni ile ile ya tokeni, yaani kilowati-saa moja.) Kushuka hurudisha kiasi, lakini sehemu hupotelea kwenye mota, joto na breki, hesabu yuniti 0.3 kwa kila mita 100. Barabara tambarare kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hula kama yuniti 14.5 kwa kila kilomita 100.

Sasa weka namba. Kwenda Kisumu: yuniti 26.8 za umbali, ongeza 3.6 za kupanda Mau, toa 4.1 za kushuka. Jumla ni 26 na kitu. Kurudi: 26.8 zile zile, ongeza 7.5 za kupanda kutoka ziwani hadi Mau Summit, toa 2 za kushuka Sachangwan hadi Nakuru. Jumla ni zaidi ya 32. Leaf ya yuniti 40 iliyobaki na afya ya betri ya asilimia 85 (yaani uwezo uliobaki ukilinganisha na betri mpya) hutoa yuniti 31 au 32 za matumizi. Kwa hiyo gari lile lile linalofika Kisumu likiwa na yuniti tano za akiba haliwezi kurudi Nakuru bila kusimama, hata ukiondoka Kisumu betri ikiwa imejaa kabisa.

Kituo cha kusimama ni Kericho. Kutoka Kisumu hadi Kericho (kilomita 80) utatumia kama yuniti 17, ubaki na 14 hivi. Kericho hadi Nakuru inahitaji 15 na nusu, na akiba isipungue 5. Unahitaji kuongeza yuniti 6 au 7. Kwa chaja ya kasi hizo ni dakika ishirini au chini ya hapo. Kwa soketi ya kawaida ya ukutani ni saa tatu, kwa hiyo panga chakula cha mchana cha watu wasio na haraka.

Mwenye Leaf ya zamani ya yuniti 24 asijidanganye. Ikishuka afya hadi asilimia 70 inabaki na yuniti 15, ilhali Nakuru hadi Kericho peke yake inataka 17 na nusu. Gari hilo ni zuri sana kwa mji, lakini safari hii haliiwezi bila kulala njiani.

Kabla ya kuamini hesabu yoyote, jua afya ya betri yako. Nunua kisomaji kidogo cha OBD, kile kinachosoma kompyuta ya gari, kinachotumia bluetooth, kichomeke chini ya usukani, fungua programu ya LeafSpy kwenye simu na usome namba ya SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia. Vijiti kumi na viwili vya afya ya betri kwenye dashibodi havitoshi, kwa sababu kijiti cha kwanza huanguka afya ikiwa tayari imeshuka hadi karibu asilimia 85. Unaponunua gari lililotoka Japani, kipimo hiki kina uzito kuliko kilomita lililotembea au mng'ao wa rangi. Betri ya Leaf za vizazi viwili vya kwanza haina mfumo wa kuipoza kwa maji, hivyo gari lililochajiwa kwa kasi kila siku huzeeka mapema.

Plagi ipi inaingia wapi

Magari ya Japani huwa na matundu mawili: la CHAdeMO kwa chaji ya kasi na la Taipu 1 kwa chaji ya polepole. Magari mengi yaliyotengenezewa Ulaya hutumia CCS2 na Taipu 2. Mengi yaliyotengenezewa soko la China hutumia GB/T. Kwa hiyo kusikia tu kwamba "kuna chaja" hakutoshi. Uliza ina mkono gani, yaani plagi ya aina gani.

Nguzo nyingi za chaji ya polepole huwa na tundu la Taipu 2 bila kebo. Kebo unakuja nayo mwenyewe. Mwenye Leaf anunue kebo ya Taipu 2 upande mmoja na Taipu 1 upande wa pili, ya mita tano au zaidi, kwa kuwa tundu liko puani mwa gari na watu wengi huegesha kinyumenyume. Usivutiwe pia na maandishi ya kilowati 22 kwenye nguzo. Kinachoamua ni chaja iliyomo ndani ya gari: Leaf hupokea 3 au 6 tu, kutegemea toleo, hata nguzo iwe na nguvu za kuendesha kinu.

Kebo ya akiba ya soketi ya ukutani ndiyo itakayokuokoa magharibi mwa Kenya, lakini si ile iliyokuja na gari kutoka Japani. Ile imetengenezewa stima ya kule, na plagi yake haingii huku. Ukibadilisha plagi tu, unaweza kuchoma kiboksi cha kebo, au soketi ya mwenyeji wako. Tafuta kebo ya volti 240 yenye plagi ya pini tatu na uwezo wa kuchagua ampea: 6, 8, 10.

Kutafuta mahali pa kuchaji

Anza na programu ya PlugShare, ukisoma zaidi tarehe ya mtu wa mwisho kuchaji hapo kuliko alama ya ramani. Alama inaweza kuonyesha chaja iliyokufa miezi mingi iliyopita. Kisha piga simu siku moja kabla, si asubuhi ya safari. Vituo vya mafuta, maduka makubwa na hoteli hubadilisha wasimamizi, na anayejua chaja inavyowashwa huenda yuko mapumzikoni siku hiyo. Uliza ina mkono gani, inalipiwa kwa M-Pesa au kwa programu yake, na kama hufanya kazi stima ikipotea. Ikiwa inahitaji programu, ipakue na ujisajili nyumbani ukiwa na mtandao mzuri. Kusubiri namba ya uthibitisho ukiwa umesimama kwenye mvua ya Kericho si jambo la kufanya.

Pasipo chaja ya umma, hoteli au nyumba ya wageni yenye maegesho ya ndani ndiyo chaja yako. Hapa usiulize "mna chaja ya gari?" kwa sababu utajibiwa hapana na mazungumzo yataisha. Uliza hivi: "Naweza kuegesha karibu na soketi ya pini tatu usiku kucha, nilipe stima nitakayotumia?" Halafu omba wakutumie picha ya soketi yenyewe. Ikiwa imeyeyuka pembeni au ina rangi ya kahawia, omba nyingine. Soketi ya jikoni au ya mahali pa kufulia huenda ikawa na waya mnene kuliko ya chumbani, na karakana nyingine huwa na soketi ya viwandani ya buluu ya ampea 16 au 32, ambayo ni bora zaidi ukiwa na plagi yake.

Malipo yasiwe ya kukisia. Soketi ya ampea 10 hutoa kilowati 2.4, kwa hiyo saa kumi ni yuniti 24 kwenye mita yao, ingawa kwenye betri zitaingia kama 20 au 21. Mwombe mwenyeji risiti ya tokeni ya karibuni, gawanya pesa kwa yuniti alizopata, zidisha kwa 24, kisha ongeza kidogo ya shukrani. Ukilipa hivyo mara ya kwanza, mara ya pili soja atakutengea nafasi kabla hujafika. Usimpigie mwenye hoteli hesabu kwa bei ya magari ya umeme iliyowekwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, mwaka 2023, yaani shilingi 16 kwa yuniti na 8 saa ambazo matumizi ya stima ni madogo, kabla ya kodi na nyongeza. Bei hiyo si ya soketi ya mgeni hotelini.

Soketi isiyo na athi, na mambo mengine yanayoharibika

Tatizo linalosumbua watu zaidi ya yote ni kebo kukataa kuchaji na kuwasha taa nyekundu. Mara nyingi si ugonjwa wa gari. Soketi haina athi (waya wa usalama unaoingia ardhini), au athi imekatika mahali fulani kwenye nyumba. Beba kipima soketi, kile kiplagi kidogo chenye taa tatu, na ukichomeke kabla ya kutoa kebo. Kikionyesha hakuna athi, hama. Usikubali fundi akuunganishie waya wa athi kwenye nyutro, ule waya wa kurudisha stima, ili "kuidanganya" kebo. Nyutro ikikatika nje ya nyumba, bodi nzima ya gari itakuwa na stima, na wa kwanza kuligusa asubuhi huenda akawa mtoto.

Jenereta ya hoteli huleta taa nyekundu hiyo hiyo, kwa kuwa nyingi hazijaunganishwa na athi ipasavyo, na volti zake hupanda na kushuka. Stima ikipotea usiku, kebo zinazojiwasha zenyewe ikirudi ni nzuri. Nyingine hazijiwashi, nawe utaamka asubuhi na asilimia 40. Jaribu yako nyumbani: zima swichi kuu, washa tena, uone.

Ekstensheni ziepuke. Ikibidi, iwe na nyaya za milimita 2.5 za mraba na ikunjuliwe yote. Ikiachwa imezungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto hadi plastiki iyeyuke. Baada ya nusu saa rudi ushike plagi. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuishikilia, shusha hadi ampea 8 au 6, au uache kabisa. Jioni, watu wakiwa wanapika na kupiga pasi, volti hushuka sehemu nyingi na chaji huwa polepole. Baada ya saa nne usiku mambo hutulia.

Halafu radi. Ukanda huu wa ziwa, kuanzia Kisii hadi Kakamega na milima ya Kericho, hupigwa na radi sana, na mvua hupenda kuja alasiri. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa kebo ukutani. Ndiyo sababu chaji ya asubuhi Kericho ni afadhali kuliko ya saa kumi jioni.

Barabarani

Jaza hadi asilimia 100 ukiwa Nakuru au Kisumu, kamwe si karibu na kilele. Betri iliyojaa haina pa kuweka stima ya kushuka, hivyo breki ya mota, ile inayopunguza mwendo huku ikichaji betri, hupungua sana au hukoma na karibu kazi yote huangukia breki za kawaida. Kwenye mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa, katikati ya malori, hilo si jambo la mzaha. Shuka ukiwa kwenye gia ya B au umewasha e-Pedal, ili mota ivute breki zaidi ukiachia pedali, na utaona asilimia zikipanda zenyewe.

Mwendo ndio akiba yako ya pekee ukishaondoka. Kutoka 80 hadi 100 upepo unaokuzuia huongezeka kwa zaidi ya nusu. Ukiona hesabu inabana, rudi 70 mapema, si ukishabaki na asilimia 10. Foleni, za ujenzi au za malori, haziumizi. Gari la umeme likisimama halili karibu chochote. Kinachokula ni hita: asubuhi ya Molo au Timboroa inaweza kuvuta kilowati mbili au tatu. Washa hita ya kiti na uvae sweta. Kisumu ni kinyume, joto ndilo adui. Ukifika na betri yenye moto kisha ukaingia moja kwa moja kwenye chaja ya kasi, Leaf itajipunguzia kasi yenyewe. Egesha kivulini na uchaji usiku.

Njia nyingine kwa ufupi: Nakuru hadi Eldoret ni kilomita 155, lakini Timboroa iko juu ya mita 2,700, kwa hiyo tenga yuniti 5 za mlima. Kisumu hadi Kakamega ni 50 tu, ila unapanda vilima vya Vihiga. Kwenda na kurudi bila kuchaji kunawezekana kwa karibu kila gari isipokuwa zile zilizochoka sana. Maji yakijaa barabarani Ahero, subiri au zunguka. Betri imefungwa vizuri, lakini feni, mabodi na beringi zilizo chini hazipendi maji ya Nyando.

Beba pia kebo za kuamshia betri ndogo ya volti 12. Ikifa hiyo, gari zima haliwaki hata kama betri kubwa imejaa, na Leaf inajulikana kwa hilo. Likikwama kabisa, lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa sababu mota itazunguka na kuzalisha stima pasipo mpango. Piga simu ya lori lenye sakafu bapa, na namba yake iwe kwenye simu kabla ya kuondoka: moja ya Nakuru, moja ya Kericho, moja ya Kisumu.