Somo: Mkia wa helikopta ya rimoti ukigoma, anza na vyuma kabla ya jairo

Ndugu wanakikundi, salaam kutoka Mwanza. Wengi wanaoniletea helikopta mezani huja na hukumu tayari: jairo (kifaa kinachohisi mkia ukiyumba na kuiamuru sevo, yaani mota ndogo ya kuuongoza mkia, iusahihishe) imekufa. Nikiifungua, nakuta jairo mzima wa afya na skrubu moja imelegea. Jairo husingiziwa sana kwa sababu ndicho kitu cha bei kubwa pale nyuma na hakionekani kikifanya kazi. Somo hili ni la kufuata njia kutoka ncha ya mkia kurudi mbele, kwa vidole, na rimoti iwe ya mwisho kuguswa.

Kwanza tuelewane kidogo. Helikopta nyingi za rimoti, ukizitazama kutoka juu, mapanga makubwa huzunguka kufuata mshale wa saa. Mwili nao unataka kuzunguka kinyume chake, pua kwenda kushoto, na kazi ya mkia ni kuuzuia. Kwa hiyo kama pua ilikimbilia kushoto, mkia umepoteza nguvu: mkanda, gia, habu (kitovu kinachobeba mapanga ya mkia) au fimbo inayotoka kwenye sevo. Ikikimbilia kulia, mkia una nguvu bado, tena unasukuma kupita kiasi. Hapo tafuta slaidi iliyoganda (kipande kinachoteleza kwenye shafti ya mkia kugeuza pembe ya mapanga yake) au sevo iliyokwama upande mmoja. Kumbuka vizuri ulichokiona kabla haijagusa chini, kwa sababu baada ya kuanguka kila kitu kimevunjika na ushahidi umechanganyika.

Kabla ya kushika chochote, chomoa waya za mota. Mkia huzunguka takriban mara 4 hadi 5 ya kasi ya mapanga makubwa. Kwenye helikopta ya saizi ya 450, yenye mapanga ya milimita 325, hiyo ni zaidi ya mizunguko 10,000 kwa dakika. Panga dogo kama hilo linakula kidole.

Hatua ya 1: mapanga ya mkia. Angalia ufa kwenye tundu la bolti. Bolti ikazwe kiasi kwamba panga linakaa lenyewe lakini ukiitikisa helikopta linajipinda. Ukilikaza kama tairi la gari, halitajinyoosha linapozunguka na mtikisiko utaanzia hapo.

Hatua ya 2: habu. Hapa ndipo penye ugonjwa mkubwa, tukae kidogo. Habu imeshikwa kwenye shafti ya mkia na skrubu ndogo isiyo na kichwa, mara nyingi ya M3, inayofungwa kwa alenkii ya 1.5. Shafti ina sehemu iliyochongwa bapa, na skrubu lazima ikalie pale. Ikikalia pembeni, itashika ukiwa mezani na kuteleza ukiwa angani, pale unapouomba mkia nguvu. Kuijua ni rahisi: chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, uanze kwenye habu na uendelee kwenye shafti. Rusha kidogo, tua, tazama. Mstari ukiwa umekatika vipande viwili visivyokutana, mwizi umempata.

Kuifunga upya, toa skrubu, safisha nyuzi zake na za tundu kwa spiriti mpaka mafuta yaishe, acha ikauke. Weka tone dogo la gundi ya kufungia nati, ile ya bluu. Nyekundu usiiguse, utakuja kuilia siku ya kufungua. Kama mtu aliyekutangulia alishaiweka, gusa skrubu kwa ncha ya solda yenye moto kwa muda mfupi, gundi inalegea. Na alenkii ikishaviringa ncha, isage kwenye jiwe upate ncha mpya au nunua nyingine. Alenkii mbovu imeharibu skrubu nyingi kuliko ajali.

Gundi hiyo ni ya chuma kwa chuma tu. Kwenye plastiki inaleta nyufa, na ikiingia kwenye beringi umeiua.

Hatua ya 3: vishikio vya mapanga. Ndani ya kila kishikio, kwenye mashine nyingi, kuna beringi za kawaida na beringi moja ya msukumo: wosha mbili na goroli katikati. Zitazame vizuri hizo wosha, hazifanani. Tundu la moja ni pana kidogo. Yenye tundu pana inakaa ndani, upande wa habu. Yenye tundu dogo inakaa nje, upande wa kichwa cha bolti. Ukizigeuza, kishikio kitazunguka laini kabisa mezani, kisha kikishavutwa na kasi kinakuwa kizito, sevo inapigana nacho, na mkia unaanza kucheza au sevo inaungua. Ndiyo maana mtu anabadilisha sevo mara mbili na tatizo linarudi. Weka grisi hapa, si mafuta mepesi.

Hatua ya 4: slaidi. Chomoa fimbo kwenye mkono wa sevo, kisha inua pua juu, halafu mkia juu. Slaidi inatakiwa iende yenyewe, au kwa kuguswa tu na ncha ya kidole. Ikikwaruza popote, ifungue. Sisi wa huku tuna mchanga wa ufukweni, na siku wadudu wa ziwani wakipaa kama moshi, wanabaki kwenye shafti yenye mafuta na kugeuka kuwa uji mweusi. Futa shafti, paka tone moja, futa tena.

Hatua ya 5: mkanda au shafti ya ndani ya bomba la mkia. Mkanda ukilegea unaruka meno helikopta inapopanda kwa nguvu. Utasikia trrr fupi. Ukikazwa mno unakula beringi na chaji. Ukiufunga upya, hakikisha umeupindisha upande sahihi, la sivyo mkia utazunguka kinyumenyume. Kwa zenye shafti, zungusha polepole huku ukisikiliza gia: jino moja lililoliwa linatoa mruko uleule kila mzunguko. Mkia ukigusa majani hata mara moja, gia hizo zikague siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: fimbo na jointi za goroli. Jointi isiwe na mchezo, wala isiwe nzito. Nyingi zina herufi upande mmoja. Upande huo utazame nje. Mkono wa sevo uwe nyuzi 90 na fimbo mkia ukiwa katikati.

Hatua ya 7: sasa jairo. Washa bila mota. Igeuze helikopta kwa mkono pua iende kushoto. Jairo inatakiwa isogeze mkia kama unavyosogea ukisukuma kijiti cha mkia cha rimoti kulia. Ikifanya kinyume, igeuze mwelekeo kwenye mipangilio. Halafu ndiyo ushughulike na usikivu wake.

Majaribio fanyeni asubuhi. Mchana upepo wa ziwa ukishaanza kupanda nchi kavu, hutajua kama mkia unasukumwa na hewa au una ugonjwa. Na wa Ilemela, mbali na uwanja wa ndege tafadhali. Habari za vibali waulizeni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Nyegezi: Mkuu, yangu mkia unatetemeka haraka haraka ikiwa imesimama hewani. Nimeshusha usikivu wa jairo mpaka chini, mtetemo ukipungua, mkia nao unakuwa mlegevu. Nifanyeje?

Jibu: Rudisha usikivu ulipokuwa, kaka. Ukilazimika kuushusha hivyo, kuna kitu kina mchezo au kizito. Shika ncha ya panga la mkia ulipindishe huku sevo ikiwa na umeme. Likisogea kabla sevo haijapinga, mchezo upo kwenye jointi au kwenye mkono wa L unaosukuma slaidi. Kama hapo hakuna mchezo, rudi hatua ya 3. Angalia pia jairo ilivyobandikwa: gundi ya pande mbili ikilainika kwa joto, inacheza.

Mwanachama wa Buhongwa: Ikitulia hewani ni safi kabisa. Nikipandisha ghafla, pua inapiga kushoto kisha inarudi.

Jibu: Mkanda, au habu inateleza. Chora mstari wa hatua ya 2 kwanza, ni bure. Ukikuta uko sawa, kaza mkanda kidogo. Kama vyote ni vizima, kasi ya mapanga yako ni ndogo na mkia hauna pumzi.

Mwanachama wa Magu: Shikamoo mwalimu. Yangu ni ndogo ya ndani, mkia una mota yake peke yake. Haya yananihusu?

Jibu: Marahaba. Machache. Kwako mota ya mkia huchoka yenyewe, hasa zile za brashi. Ukirusha betri mbili tatu mfululizo bila kuipumzisha, inaungua. Isikilize ikianza: ikihitaji kusukumwa kwa kidole ndipo izunguke, imekwisha. Kabla hujanunua nyingine, pima waya zinazopita kwenye bomba, zinakatika pale zinapopinda kuingia kwenye mwili.

Mwanachama wa Igoma: Ikitokea mkia umekufa kweli ikiwa juu, naokoaje?

Jibu: Kata mota mara moja kwa swichi ya rimoti. Mapanga makubwa yakikosa nguvu ya mota, mwili unaacha kusukumwa kuzunguka. Shuka na kasi iliyobaki kwenye mapanga, na karibu na ardhi tumia pembe ya mapanga kupunguza mshindo. Ukiendelea kuongeza mota ili "uishike", unaongeza mzunguko tu. Swichi hiyo izoeshe kidole chako ukiwa umetulia chini.

Mwanachama wa Ukerewe: Gundi ya bluu huku kisiwani sijaipata. Rangi ya kucha ya mke wangu inafaa?

Jibu: Inafaa kwa alama: ipake ikivuka kutoka skrubu hadi habu, ikipasuka ujue skrubu imegeuka. Kuifanya kufuli, hapana, na supaglue vilevile, inakatika kwa mtikisiko. Mwagize mtu anayevuka kwa kivuko akununulie kichupa kwa wauza vipuri vya pikipiki mjini. Kichupa kidogo kabisa kitakutosha muda mrefu. Na muombe mama ruhusa kabla ya kuchukua rangi.