Kabla Hujaomba Nafasi ya Utafiti wa Vipimo Ng'ambo

Ukiwa na shahada ya uzamivu ya fizikia au uhandisi, uko Malindi na unatafuta nafasi ya utafiti katika metrolojia, yaani sayansi ya vipimo, anza na masharti ya uraia, mada baadaye. NIST, taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani, ina nafasi za miaka 2 kwa waliohitimu uzamivu karibuni, na wengi huzikimbilia kwa jina lake. Ni za raia wa Marekani tu.

Ulaya mlango uko wazi zaidi. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti, haujali uraia. Unauliza umehitimu lini, isizidi miaka 8, na umeishi wapi. Hapo ndipo watu wa Malindi, wenye uhusiano mwingi na Italia, hunaswa. Kama umeishi au kufanya kazi Italia zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 kabla ya maombi kufungwa, huwezi kuombea INRIM, taasisi ya vipimo ya Italia iliyoko Torino, hata wakikutaka vipi. Likizo fupi kwa shemeji haihesabiwi. Aliyezuiwa Italia atazame PTB, taasisi ya vipimo ya Ujerumani, kule Braunschweig. (Kiitaliano cha ufukweni kitakununulia mkate Torino, kwenye ombi alama hakikuongezei.)

Ombi unaliandaa pamoja na mtafiti atakayekupokea, kwa hiyo mwandikie miezi kadhaa mapema. Usimweleze jinsi unavyoipenda sayansi. Mpelekee kipimo kimoja ulichokifanya vizuri. Tuseme umefunga kihisi cha maji kwenye gati la Lamu, ukaandika kwamba maji yalijaa hadi mita 2.84. Mwanametrolojia atakuuliza: kutoka alama gani? Kihisi kilifanyiwa kalibresheni lini, kwa kulinganishwa na nini? Mtikisiko wa mawimbi umeuondoaje kwenye usomaji? Afadhali uandike mita 2.84, shaka (kiasi ambacho kipimo kinaweza kukosea) sentimita 3, kisha uonyeshe kila chanzo cha shaka hiyo kimechangia kiasi gani. Eleza pia jinsi kifaa chako kinavyofungamana na vipimo vya taifa vilivyoko KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kutoka hapo na mfumo wa kimataifa. Kwa maoni yangu, ukurasa huo una uzito kuliko barua tatu za sifa. Na tafadhali, usitaje kipande cha metali cha Ufaransa kama ndicho kilo: tangu 20 Mei 2019 kilo inatokana na namba thabiti ya Planck, namba ya fizikia isiyobadilika.

Karatasi nazo zina mambo yake. Jina la babu limo kwenye kitambulisho, kwenye cheti cha digrii halimo. Pasipoti imeandika Mohamed, cheti cha kidato cha nne Muhammad. Nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo sasa kwamba majina yote ni yako, kabla barua ya kukubaliwa haijaja na tarehe zake. Mahafali yakichelewa, omba chuo barua rasmi kwamba umetetea tasnifu na kufaulu.

Viza ya Ujerumani alama za vidole hutolewa Nairobi. Anayetoka kisiwani Lamu ahesabu boti ya Mokowe, basi na malazi, asipange miadi ya asubuhi ya siku atakayofika.