Andika kamusi ya data kabla ya kumpa mtu jedwali lako

Hivi karibuni nilifungua jedwali la utafiti wangu wa miaka minne iliyopita, nikashindwa kujua kama 2 kwenye safu ya jinsia ni mwanamke au mwanamume. Tangu hapo, kabla ya kumpa mtu data yoyote, naandaa kamusi ya data, yaani faili dogo la maandishi matupu, linalokaa folda moja na jedwali, ambamo kila safu ina mstari wake: jina kama lilivyoandikwa, maana yake, kipimo (kilo au gramu?), maana ya kila msimbo (namba inayosimama badala ya jibu, kama ile 2) na, jambo linalosahaulika kuliko yote, namna jibu lililokosekana lilivyowekwa alama. Hapo ndipo penye hatari kubwa, kwani ukiweka 99 kwa kila asiyetaja umri wake na usiseme, atakayetumia data hiyo atawahesabu watu hao kuwa wazee wa miaka 99, na wastani wake utapanda bila yeye kushtuka. Kisha mwombe mwenzako ambaye hakushiriki utafiti afafanue safu tatu kwa kutumia faili hilo peke yake. Akikwama, ongeza maelezo. Kamusi hiyo hupotosha iwapo jedwali limebadilishwa nayo ikaachwa ilivyo, kwa hiyo vipe vyote viwili namba ileile ya toleo. Wala haimlindi mshiriki: kijiji, umri na kazi vikikaa pamoja vinaweza kumtambulisha hata baada ya jina lake kufutwa.