Kuitambua sentela kabla ya kuichuma

Anayetafuta sentela (Centella asiatica), mmea wa dawa unaotambaa, kwenye maeneo ya majimaji kandokando ya Mto Sabaki, kaskazini mwa mji wa Malindi, asiridhike na kuona jani la mviringo linalotambaa matopeni, bali aligeuze na kutazama mahali kikonyo kinaposhikana nalo. Jani la sentela lina umbo la figo na kingo zenye vijimeno butu, na kikonyo chake huanzia penye pengo la chini, ilhali kikonyo cha baadhi ya aina za hidrokotile, mimea ya ukoo wa karibu, huingia katikati ya jani kama mpini wa mwavuli. Shina la sentela hutambaa na kuota mizizi kwenye kila fundo, kwa hiyo kata majani na uache mafundo ardhini.

Mahali wanapokunywa maji ng'ombe na mbuzi, tafadhali msile majani mabichi, hata yakioshwa, kwa sababu yanaweza kubeba vijidudu vya minyoo ya ini, bali yachemsheni. Kabla ya kupaka majani yaliyopondwa kwenye ngozi, jaribu kidogo mkononi, kwani wengine huwashwa. Mjamzito na mgonjwa wa ini wasinywe sentela.