Mhojiwa wa Mwaloni haingii kwenye marejeo

Mnaoandika utafiti wa dagaa au sangara hapa Mwanza, angalieni hili kabla msimamizi hajawarudishia kazi. Mama muuza dagaa uliyemhoji kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba ni mhojiwa wako, na maneno yake ni data. Yanakaa kwenye matokeo kwa utambulisho kama (Mchuuzi 3, Mwaloni), bila jina lake, wala hayaingii kwenye orodha ya marejeo. Ofisa uvuvi aliyekujibu kwa simu, nje ya mahojiano ya utafiti, ni habari nyingine: kwa mtindo wa APA (kanuni za kutaja vyanzo za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani) unamtaja ndani ya matini tu, kama amekubali, unaandika "mawasiliano binafsi" na tarehe kamili. Orodhani hayumo, kwa sababu msomaji hawezi kuyafuatilia mazungumzo yale.

Ripoti ya Sensa ya 2022, mwandishi ni taasisi iliyoitoa. Gazeti, weka siku na mwezi, si mwaka peke yake. Na ile PDF inayozunguka kwenye grupu la darasa? Chanzo si WhatsApp, jamani! Fungua kurasa za mwanzo uangalie mwandishi, mwaka na mchapishaji. Kama havipo, tafuta ilikotoka au achana nayo.